Aliyesimama Dirishani

Mtangazaji alilitamka jina lote la mpiga pasi, la kwake na la baba mkwe, akataja hadi mtaa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ilikuwa Jumapili mchana. Mpiga pasi alikuwa peke yake katika duka la dobi alikoajiriwa, ameinamia suruali ya mteja, na redio ndogo ilikuwa kwenye rafu ya sabuni. Mwaka mzima alikuwa akituma hadithi kwenye kipindi kile cha wasikilizaji, na mwaka mzima zilisomwa za wengine. Siku hiyo aliposikia sentensi yake mwenyewe ikitoka kinywani mwa mtu asiyemjua, mkono ulisahau kazi. Harufu ya kitambaa kinachoungua ndiyo iliyomzindua. Akainyanyua pasi haraka. Suruali ilikuwa imeng'aa kidogo tu mahali pa goti. Akamshukuru Mungu, akachomoa waya ukutani, akakaa juu ya kapu la nguo chafu ili asikilize vizuri.

Hadithi iliitwa "Shuka". Ilimhusu mama mmoja mtu mzima, mstaafu, anayeishi kwa mwanawe, ambaye baada ya kuugua alianza kulowesha kitanda. Kila alfajiri, kabla nyumba haijaamka, mama yule alitoka uani na beseni, akafua shuka lake kimyakimya, akalianika nyuma ya nguo za wengine lisionekane, akalia kidogo, kisha akarudi ndani kutandika kitanda kana kwamba hakuna lililotokea. Ilikuwa hadithi ya upole, haina kejeli hata chembe. Msomaji alipofika mwisho, wasikilizaji walisikia glasi ya maji ikigonga meza.

Mhariri wa kipindi, mwanamke mwenye sauti ya mikwaruzo, alifunga kwa ushauri wake wa kila wiki kwa wale wanaotamani kuandika. "Andika unachokijua," alisema. "Tazama kilicho karibu yako. Usiogope."

Mpiga pasi alijifuta machozi kwa kola ya shati la mtu. Ushauri ule alikuwa ameutii neno kwa neno. Alitamani kumwambia mtu furaha yake, lakini mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, alikuwa njiani mahali ambako simu haishiki. Mwenye duka haji siku za Jumapili. Nje watu walipita na shughuli zao, wala hakuna aliyemjua. Akachomeka tena pasi, akaendelea na mguu wa pili wa suruali.

Zawadi aliyotumiwa na redio wiki hiyo, hadithi ilipochaguliwa, haikuwa kubwa. Alikuwa ameimaliza Ijumaa kwa kununua jozi ya mashuka ya pamba kwa ajili ya mama mkwe wake, akayaacha kitandani kwake bila neno. Aliona kuwa ni haki.

*

Upande wa pili wa mji, katika saluni ya wifi yake, redio ilikuwa kwenye kipindi hichohicho.

Wateja walikuwa wamejaa, kama ilivyo siku za mapumziko. Wifi alikuwa amevaa glavu, mikono yote imeingia kwenye rangi ya nywele. Hadithi ilipokuwa inasomwa wanawake waliguna na kutikisa vichwa, "maskini, uzee jamani," wengine wakiomba mashine za kukaushia zizimwe ili wasikie. Jina lilipotajwa, vichwa vyote vilimgeukia wifi.

"Si ndiyo nyumba ya kaka yako hiyo?" aliuliza mmoja.

Wifi aliendelea kupaka rangi. Kutoka kwenye kiti cha pembeni, mwanamke mwingine akafunika mdomo. "Mungu wangu! Ni Matroni? Yule Matroni wetu wa bweni? Aliyekuwa akitukagua vitanda kwa rula?"

Kicheko kikamponyoka. Hakikuwa cha ubaya. Kilikuwa kile kicheko kinachomtoka mtu kabla hajakiruhusu. Lakini kilikuwa kimeshatoka, na wengine wawili wakakipokea. Wifi akavua glavu, akamwachia msaidizi wake kichwa cha mteja kikiwa nusu cheusi nusu chekundu, akatoka kutafuta teksi.

Ni kweli kwamba mama yake alikuwa matroni wa bweni la wasichana hadi alipostaafu, na jina hilo lilimganda. Mtaani hakuna aliyemwita kitu kingine. Alikuwa mwanamke wa shuka lililonyooka, pembe zimekunjwa kama bahasha. Alipohamia kwa mwanawe alikuja na mto wake na masharti yake, na mkwewe hakuwahi kumwona akikaa juu ya kitanda kisichotandikwa.

*

Mpiga pasi aliporudi jioni alikuta teksi mlangoni. Ndani, Matroni alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, amevaa nguo zake za kutokea, mkoba juu ya magoti. Mabegi mawili yalikuwa miguuni. Wifi alikuwa amesimama.

"Shikamoo mama," alisalimu mpiga pasi.

"Marahaba." Sauti haikuwa na kitu ndani yake.

"Kuna nini? Wifi, kuna msiba?"

"Unatuuliza sisi?" wifi alisema. "Sisi tulikuwa tunatafuta mchawi nje, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Hivi, wifi, ulikosa kabisa kitu cha kuandika? Dunia yote hii, na mambo yake yote, ukaona uandike mkojo wa mama yangu?"

Neno lile lilikaa katikati ya chumba. Matroni aligeuza uso kidogo, akatazama ukuta.

"Sikumtaja jina," alisema mpiga pasi. "Nilisema mama mmoja..."

"Ulijitaja wewe! Na marehemu baba ukamtaja! Mtaa ukautaja! Una mama wakwe wangapi wewe?"

Mpiga pasi aliiona ile karatasi akilini. Mwisho wa karatasi alikuwa ameandika jina lake kamili na mahali anapoishi, kama masharti ya kipindi yalivyodai. Alikuwa amefurahia kuliandika. Aliliandika kwa herufi kubwa.

Wifi aliingia chumbani kwa mama yake, akatoka na ile jozi ya mashuka, bado ipo kwenye nailoni yake. Akaiweka juu ya meza ya chakula, taratibu, kama mtu anayerudisha vyombo vya jirani.

"Na haya ulinunua kwa hela gani?"

Mpiga pasi aliyatazama mashuka, na hilo lilitosha. Matroni akainuka. Aliukataa mkono wa bintiye, akalichukua begi moja mwenyewe. Kizingitini akasimama, akasema bila kugeuka:

"Chakula kiko jikoni. Nimekifunika."

Teksi ikaondoka. Mpiga pasi alikwenda jikoni, akafunua sahani. Alikuwa amepakuliwa sehemu yake kama siku zote, na kijiko kimewekwa pembeni. Angepigwa kofi angeumia kidogo kuliko vile.

*

Mumewe alipiga simu kesho yake. Wifi alikuwa amemwahi.

"Sijaisikia hiyo hadithi yako na sitaki kuisikia," alisema dereva. Nyuma yake injini ilikuwa ikinguruma. "Lakini nikwambie kitu kimoja, mke wangu. Hata nguo za ndani watu huzianika nyuma ya nyingine. Wewe umemwanika mama yangu barabarani."

"Niliandika kwa mapenzi, baba. Nilimwonea huruma."

"Huruma ya redioni." Akazima injini. "Mimi nikiwa huku njiani, kitu kinachonipa usingizi ni kujua nyumbani kuko salama. Sasa sijui nilale na nini."

Simu ikakatika. Labda ni mtandao, labda si mtandao. Alikaa nayo mkononi mpaka mwanga wa kioo ukazimika wenyewe.

Siku zilizofuata, nyumba ilimwelemea. Hakuwahi kujua ni sauti ngapi za nyumba ile zilikuwa za Matroni: ndara zikiburuzwa koridoni, kikohozi kidogo kabla ya kufungua mlango, kufuli la kabati. Sasa aliweza kusikia friji ya jirani ikitetema ukutani. Alipika kidogo, akamwaga nusu.

Uani, kwenye bomba la wapangaji wote, mazungumzo yalikatika kila alipotokea na ndoo. Jirani wa mlango wa pili, mwenye kupenda utani, alimpongeza kwa sauti kubwa: "Hongera mwandishi! Ikifika zamu yetu utuambie mapema tuhame!" Wengine wakacheka. Naye akacheka, kwa sababu usipocheka unaonekana umeumia. Lakini tangu siku hiyo aliona mapazia ya madirisha yanayotazama uani yakifungwa mapema, na nguo za ndani zikihamia kwenye kamba za nyumba ya nyuma.

Hata mwenye duka alimwita pembeni. "Dada, mimi sina neno na vipaji vya watu. Ila humu zinaingia nguo za heshima. Doa la mtu unaloliona humu, liishie kwenye maji."

"Liishie kwenye maji," alirudia mpiga pasi, akarudi kwenye meza yake. Wiki ile hakuandika hata mstari.

*

Wito wa redio ulimfikia katikati ya unyonge huo. Mhariri alitaka kumwona.

Ofisi ilikuwa juu kabisa ya jengo, mwisho wa korido yenye mabomba yanayovuja. Watu wa pale walimwita mhariri Bi Mkasi, kwa kuwa hakuna hadithi iliyowahi kupita mezani kwake ikatoka na urefu wake. Alikuwa mama mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, anatafuna karanga kutoka kwenye droo.

"Wewe ndiye wa shuka? Nilidhani mtu mzima zaidi. Keti. Sogeza hizo karatasi, zote ni mbaya."

Akavaa miwani, akamsomea ujumbe wa wasikilizaji. Kulikuwa na mwanaume mmoja aliyeandika kwamba, baada ya kusikia hadithi ile, alimpigia simu mama yake, wakati walikuwa hawazungumzi kwa muda mrefu hata hakumbuki walikosania nini. Kulikuwa na nesi, na binti anayemuuguza baba. Bi Mkasi akavua miwani. "Tunatoa kitabu cha hadithi bora za wasikilizaji. Yako itakuwa ya kwanza. Kuna malipo, si ya kujengea nyumba, lakini yapo. Mbona unalia? Wengine hapa huwa wanarukaruka."

Mpiga pasi akamweleza yote: saluni, teksi, mashuka, ile sahani iliyofunikwa. Bi Mkasi alisikiliza akiwa ameacha kutafuna.

"Ulisema hewani tuandike tunachokijua," mpiga pasi alimalizia. Hakukusudia kulaumu, lakini ilitoka kama lawama.

"Nilisema. Nasema kila wiki, na kila wiki muda unaniishia kabla sijafika nusu ya pili." Alisukuma droo ikafungika. "Nusu ya pili ni hii: kukijua kitu hakukifanyi kuwa chako. Ungeweza kumbadili huyo mama. Ungemfanya mwanaume, ungemfanya mpangaji, ungempa mji mwingine. Ungetumia jina la kubuni. Hizo ni kazi za mkono, mtu hufundishwa. Kosa hilo nusu ni langu, nilipaswa kukuuliza kabla ya kuirusha. Niliipenda mno hadithi, nikasahau kuuliza ni ya nani."

"Basi niache tu kuandika."

"Nani kasema? Usiache. Una jicho, na jicho halinunuliwi. Una makosa pia. Kurasa zako mbili za kwanza nilizitupa. Ulikuwa bado unajipasha moto. Hilo litakutokea miaka yote, kwa hiyo andika tu, kisha zitupe mwenyewe kabla sijazitupa mimi. Isome kwa sauti. Ulimi ukikwama na msomaji atakwama. Usimwonyeshe mtu kabla hujamaliza. Usingoje siku yenye nafasi, hiyo siku haiji. Chukua kidogo kila siku, hata kama ni muda wa pasi kupata moto." Akamtazama. "Na machozi yale ya mwisho, uliyaona?"

"Yapi?"

"Umeandika kwamba mama alilia. Uliona machozi?"

Mpiga pasi alifikiri. "Kulikuwa bado na giza."

"Hm." Bi Mkasi akairudisha miwani usoni. "Kuandika ni kazi ya upweke, sitakudanganya. Mimi mwenyewe nimeizeekea. Lakini upweke wa kuandika ni mmoja na upweke wa kutengwa ni mwingine, na huo wa pili hautibiwi kwa kalamu. Nenda kamwone mama yako. Umwombe na ruhusa ya kitabu. Akikataa, niambie."

*

Wifi aliishi ghorofani. Mpiga pasi alipofika mara ya kwanza aliambiwa mama amelala. Mara ya pili aliambiwa mama anaoga, na akangoja kwenye ngazi mpaka akaona aibu ya kupishana na watu wale wale wakishuka na kupanda. Mara ya tatu wifi alifungua mlango kiasi cha uso tu.

"Wifi, huchoki?"

"Nachoka."

Sauti ikatoka ndani. "Mwache aingie. Hata majirani wa huku wana masikio."

Matroni alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya kigoda. Alikuwa amepungua. Kitanda chake kilikuwa palepale sebuleni, nyuma ya pazia lililofungwa kwa kamba, na pembe za shuka zilikuwa zimekunjwa kama bahasha. Mpiga pasi akapiga magoti kando ya kochi, akaomba radhi kwa maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima. Yalikuwa maneno mazuri. Yote yakamtoka kwa mpigo.

"Umemaliza?" Matroni aliuliza.

"Ndiyo mama."

"Hiyo hadithi unayo hapo?"

"Ninayo."

"Nisomee. Watu wote wameisikia isipokuwa mimi. Nimesimuliwa na walionicheka, nimesimuliwa na walionililia. Sasa nataka kuisikia kwa aliyeiandika."

Kuisikia redioni ilikuwa raha. Kuisoma mbele ya mwenyewe ilikuwa kitu kingine. Kila sentensi ilikuwa na uzito tofauti. Penye maneno aliyokuwa akijivunia ndipo sauti ilipokuwa inazama. Wifi alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono kifuani. Hadithi ikaisha. Gari lilipiga honi chini barabarani, likapita.

"Maji hayakuwa ya moto," Matroni alisema.

"Mama?"

"Umeandika maji ya moto yenye mvuke. Maji ya moto yanashikisha harufu. Nilitumia baridi. Na sikulia. Hilo la kulia umelitoa wapi?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani. Nilikuwa nahesabu pumzi, kifua kilikuwa kinabana. Ukitaka kujua, niliona fahari. Mwili umenishinda, lakini shuka nimelishinda mimi." Akatazama mikono yake. "Lakini si hayo yaliyoniondoa kwako. Nataka nikuulize kitu kimoja, na unijibu kama mwanangu. Umeandika nilivyoinama. Umeandika lile shuka lilivyokuwa zito, nikalikamua upande huu, nikashindwa, nikalikamua upande ule, mikono ikatetemeka. Yote umeyaandika sawasawa. Kwa hiyo ulikuwa umesimama dirishani, unaona."

"Ndiyo mama."

"Siku moja?"

Mpiga pasi akainamisha kichwa. "Siku nyingi."

"Siku nyingi. Sasa kwa nini hukutoka ukanisaidia kukamua?"

Mpiga pasi aliikunja karatasi. Alitafuta jibu, akakuta aibu, akatafuta nyuma ya aibu, akakuta kitu ambacho hakikuwa na jina. Wifi mlangoni naye alitazama chini.

"Redio wanataka kuichapa kitabuni," mpiga pasi alisema hatimaye, kwa kuwa alikuwa ameahidi kuuliza. "Nimekuja kuomba ruhusa yako pia."

"Jina lako litakuwa juu?"

"Ndiyo."

"Na mkojo utakuwa wangu." Matroni alilitamka neno lile wazi, kwa mara ya kwanza, bila kugeuza uso. "Hapana, mwanangu. Si kwa hasira. Ya shuka ni yangu, nikitaka kuisema nina mdomo. Wewe andika ya huyo aliyesimama dirishani. Huyo ni wako. Na mimi simjui. Nimekaa naye nyumba moja, nimekula chakula cha mkono wake, simjui hata kidogo."

*

Bi Mkasi alipopigiwa simu alishusha pumzi ndefu. "Unajua ni wangapi wanaililia nafasi hii?"

"Najua. Nilikuwa mmoja wao mwaka mzima."

"Sawa," alisema Bi Mkasi, droo ikasikika ikifungwa, "sawa kabisa." Kitabu kilitoka bila "Shuka". Mpiga pasi alikiona dukani, akakipekua pale pale amesimama, akasoma jina la aliyewekwa wa kwanza, akakirudisha kwenye rafu. Ilimuuma, wala hakujidai haikumuuma.

Mumewe alirudi safari, akakaa siku chache. Alikwenda kwa dada yake kila jioni na kurudi ameshakula huko. Hawakugombana. Kitandani aligeukia ukuta, si kwa ukali, ila kama mtu ambaye amezoea kulala kwenye kiti cha lori na hajui upande wa pili una mtu. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na funguo mkononi.

"Mama anasema mmezungumza."

"Tumezungumza."

"Basi ni vizuri." Alikuwa kama anataka kuongeza jambo. Akajipapasa mifuko, akatoka.

Mpiga pasi alianza ile hadithi ya dirisha siku hiyohiyo, dukani, pasi ikipata moto. Haikuja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kujitetea, akautupa. Wa pili ulikuwa wa kujilaumu, nao ulipousoma kwa sauti ulisikika kama kujitetea kulikovaa nguo za matanga, akautupa pia. "Shuka" aliiandika kwa wepesi kwa kuwa ilikuwa maumivu ya mtu mwingine. Hii ilimtoa jasho. Siku nyingine alipata sentensi moja tu, akaikunja mfukoni na kurudi kwenye mashati. Ila alikuwa anarudi kila siku, na siku moja, amesimama na shati la mteja mkononi, akaandika kwa nini hakutoka. Aliposoma alichokiandika ilibidi akae.

*

Alimpelekea Matroni kabla ya kumpelekea Bi Mkasi. Safari hii wifi alifungua mlango wote, akasema "karibu" ya mdomoni tu, akarudi jikoni kuosha vyombo.

"Soma," Matroni alisema.

Ilikuwa fupi. Ilimhusu mwanamke ambaye mumewe yuko njiani siku zote, anayezinduka kabla ya alfajiri kwa sababu upande wa pili wa kitanda ni baridi, na akizinduka halali tena. Alikuwa akilala pale akisikiliza, mpaka asikie bomba la uani likifunguliwa. Akishasikia bomba, alikuwa akiinuka na kwenda dirishani. Mwanzoni alijiambia hatoki ili asimwaibishe mama mkwe wake. Huo ulikuwa ukweli, ila haukuwa wote. Hakutoka kwa sababu angetoka siku moja, mama angetahayari, angetafuta saa nyingine ya kufua au angeacha kabisa, na bomba lile lisingefunguliwa tena. Katika siku yake nzima, ule ndio wakati pekee aliokuwa na hakika kwamba kuna mtu mwingine yuko macho.

Alisoma bila kuinua uso. Alipofika mwisho aliiacha karatasi ikae magotini.

Matroni alikuwa anatazama pazia la kitanda chake. "Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku, mama."

"Nami nilikuwa nanyata. Navua na ndara, ili nisikuamshe." Alitikisa kichwa polepole. "Nilikuwa nasema moyoni, watoto wa siku hizi wanajua kulala."

Kisha akawa Matroni tena. Akanyoosha kidole kwenye karatasi. "Hapo katikati umesema moyo ulipasuka. Toa. Moyo ukipasuka mtu anakufa, wewe uko hapa. Sema ulifanya nini."

Mpiga pasi akatoa kalamu, akafuta.

"Watu wakiisikia hii watasema mengi. Watasema mume hakutaki."

"Najua."

"Na unataka isomwe?"

"Nataka. Kwanza nitamsomea yeye, akirudi."

"Usimsomee kwenye simu."

"Simsomei kwenye simu."

"Na jina?"

"Langu. Peke yake. Baba mkwe simtaji, wala mtaa."

Matroni alitoa sauti ndogo puani ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa kicheko. Akashusha miguu kutoka kwenye kigoda, akakisogeza kwa unyayo mpaka kikamgusa mkwewe, ili apate pa kuegemeza karatasi.

"Rudia," alisema, "toka hapo kwenye bomba. Soma polepole, na upaze sauti kidogo."

Mpiga pasi akarudia. Jikoni, vyombo vilikuwa vimeacha kugongana.